Tuzo Zetu za Vizibo, Mwaka 2025

Kila mwaka mwezi wa Juni unapokaribia kwisha, na michezo ya mtoano ya ligi kuu ya mpira wa kikapu ya Marekani imefika kikomo, sisi wanafunzi sita wa kutwa, ambao hupanda kilima hiki cha Lubaga kila asubuhi, hukutana na kugawa tuzo. Hatukutumwa na mtu, wala wachezaji wenyewe hawana habari nasi. Tuzo zetu ni vizibo vya soda. Hupondwa kwa jiwe mpaka viwe bapa, kisha hutobolewa kwa msumari na kutiwa uzi. Vyote hukaa ndani ya kopo la maziwa, na orodha ya waliovipata hubandikwa ukutani nyuma ya darasa, mahali ambapo kidato cha kwanza hupita wakienda kunawa mikono.

Orodha ya mwaka 2025 ilileta maneno mengi kuliko za miaka miwili iliyotangulia. Baadhi ya wanafunzi wa zamani walioiona siku ya wazazi walicheka, na wengine walikasirika. Mzee mmoja aliuliza kwa nini jina la bingwa halimo. Basi Mhariri ameniomba nieleze tulivyoamua, nami nakubali kwa furaha, maana mabishano yale yalikuwa mazuri kuliko vizibo vyenyewe.

Jina la bingwa halimo kwa sababu ya sheria yetu ya kwanza: aliyekwisha kupewa tuzo rasmi hapewi kizibo. Shai Gilgeous-Alexander wa Oklahoma City Thunder alichukua mwaka huo tuzo ya mchezaji bora wa msimu, akawa mfungaji bora, kisha akawa mchezaji bora wa fainali. Kabla yake waliopata hayo yote matatu katika msimu mmoja ni Kareem Abdul-Jabbar, Michael Jordan na Shaquille O'Neal tu. Mtu kama huyo kizibo cha soda kitamfaa nini? Hakuna aliyemsahau.

Sheria hiyo ina asili yake. Tuzo ya mchezaji bora wa fainali ilianza kutolewa mwaka 1969, na mwaka huo alipewa Jerry West wa Los Angeles Lakers, ingawa timu yake ilishindwa na Boston Celtics katika mchezo wa saba kwa pointi 108 kwa 106. Siku hiyo West alifunga pointi 42. Alipewa gari, naye hakulifurahia hata kidogo. Tangu siku hiyo mpaka fainali ya mwaka 2025 hakupatikana mwingine wa upande ulioshindwa aliyepewa tuzo hiyo. Mwaka 2015 LeBron James alipata wastani wa karibu pointi 36 kwa mchezo katika fainali, na mipira 13 ya kurudi, lakini timu yake ilishindwa na tuzo ikaenda kwa Andre Iguodala wa Golden State. Sisemi kwamba Iguodala hakustahili. Nasema kwamba kura hupigwa na waandishi na watangazaji 11 usiku ule ule, jasho la washindi halijakauka, na macho ya watu 11 hayawezi kuona kila kitu. Kilichobaki ndicho chetu.

Sheria ya pili ndiyo ngumu. Asiyeutazama mchezo wote, tangu mwanzo mpaka mwisho, hapigi kura juu ya mchezo huo. Siku hizi ni rahisi mno kuona vipande vya dakika mbili katika simu ya mtu, ukaamka na kuanza kutoa hukumu. Vipande huonyesha mpira ukiingia kikapuni. Havionyeshi aliyekimbia mara kumi bila kupewa mpira, wala aliyesimama mahali pake mpaka adui akachoka. Lakini fikirini saa zenyewe: mchezo unaoanza saa mbili na nusu usiku huko kwao huanza saa tisa na nusu usiku hapa Kampala. Mchezo wa saba wa fainali, wa Jumapili tarehe 22 Juni, kwetu ulianza saa tisa usiku wa kuamkia Jumatatu. Tulitazamia kwa kaka wa mwenzetu wa Lungujja, mwenye televisheni na moyo mpana, aliyetuachia mlango kwa sharti kwamba hatutapiga kelele na kuamsha mtoto. Sharti la pili, la wazazi wetu, lilikuwa kwamba hakuna kuchelewa shule. Hatukuchelewa. Ya kusinzia katika hesabu nitayaacha, kwa kuwa mwalimu mwenyewe husoma gazeti hili.

Kwa hiyo si wote sita walipiga kura katika kila jambo. Michezo mingine iliona kura mbili tu.

Sasa nieleze ugomvi wa kwanza, uliohusu Pascal Siakam wa Indiana Pacers. Siakam ni mtu wa Kameruni, na katika utoto wake alipelekwa seminari ya Mtakatifu Andrea huko Bafia, maana baba yake alitaka awe padre. Mpira wa kikapu aliuanza akiwa kijana mkubwa, wakati wengine wamekwisha kuucheza miaka kumi. Wasomaji mnajua kilima chetu kilivyo. Hapa kanisa kuu liko juu ya vichwa vyetu, kengele yake ndiyo saa yetu, na jina la Askofu Mkuu Joseph Kiwanuka tunalijua kabla ya kujua kuandika ya kwetu. Wawili kati ya sisi sita wana ndugu seminarini. Seminari kwetu si habari ya mbali. Ni yule kaka anayekuja likizo akiwa amenyoa vizuri, na mama humchinjia kuku. Kumwona mseminari wa zamani akifunga pointi 39 katika uwanja wa New York, mchezo wa pili wa fainali ya kanda ya mashariki, kulitufanya tusahau masharti ya mwenye nyumba. Mtoto aliamka.

Lakini Siakam alipewa tuzo ya mchezaji bora wa kanda ile, tuzo yenye jina la Larry Bird. Basi mwenzetu wa Nateete akasimama akasema, "Jamani, sheria ni sheria." Mimi nilisema kwamba tuzo ya kanda si tuzo ya fainali, na kwamba mtu aliyetoka Bafia mpaka pale ametembea safari ambayo kombe halitoshi kuieleza. Tulipiga kura. Wanne walikataa, wawili tulikubali. Mpaka leo naona walikosea, lakini jina lake halimo ukutani, na mimi ndiye niliyeiandika orodha ile kwa mkono wangu bila kuliongeza.

Vizibo vidogo vilipita upesi. Aaron Nesmith wa Indiana alipewa kimoja kwa robo ya nne ya mchezo wa kwanza dhidi ya New York, tarehe 21 Mei, alipotia mitupo sita ya pointi tatu wakati timu yake ilikuwa imekwisha kuzikwa. Aaron Gordon wa Denver alipewa kimoja kwa ule mpira alioudaka hewani na kuusindika kikapuni saa ikilia, dhidi ya Los Angeles Clippers tarehe 26 Aprili. Waamuzi walitazama picha kwa muda mrefu kabla ya kukubali, na matokeo yakawa 101 kwa 99. T. J. McConnell alipewa kizibo cha Msumbufu. Huyu ana urefu wa sentimita 185 hivi, na katika nchi ile huyo ni mfupi. Mwaka 2015 hakuna timu iliyomchagua katika uchaguzi wa wachezaji wapya. Katika mchezo wa tatu wa fainali alitoka benchi akafunga pointi 10, akatoa pasi 5 za kufungisha na kunyang'anya mipira 5. Mara kadhaa aliinyang'anya kwa kujificha nyuma ya mtu aliyedhani amekwisha kupita salama, kama mtoto anayengoja mwenzake ageuke achukue mhogo wake. Juu ya huyu hatukubishana.

Kizibo kikubwa ndicho kilichotukalisha jioni mbili.

Mwenzetu mmoja, ambaye sitamtaja jina kwa kuwa ameniomba, amekuwa katika timu ya shule miaka miwili. Kazi yake ni kumkaba mfungaji wa upande wa pili. Hufunga pointi mbili, pengine nne, pengine hapati kitu. Ukutani pa shule hubandikwa majina ya wafungaji kila baada ya mchezo, na kwa miaka miwili jina lake halijapata kuonekana hapo, ingawa kuna wafungaji wakubwa wa shule jirani waliokwenda kwao wakiwa na pointi tano kwa sababu yake. Ni yeye aliyeanzisha mchezo huu wa vizibo, na sasa wasomaji mmejua sababu.

Huyu alimtaka Alex Caruso wa Oklahoma City, naye alikuja na daftari. Alitusimulia mchezo wa saba dhidi ya Denver, tarehe 18 Mei. Denver wana Nikola Jokić, mtu wa sentimita 211, mzito, mwenye mikono ya mfinyanzi. Mwaka 2023 alikuwa mtu wa kwanza kuongoza wachezaji wote kwa pointi, kwa mipira ya kurudi na kwa pasi za kufungisha katika michezo ya mtoano ya mwaka mmoja. Kocha wa Oklahoma City alimweka Caruso amkabe, naye Caruso ni mfupi kwake kwa sentimita 15 na ni mchezaji wa nje. Kwa nini? Kwa sababu mtu mkubwa akisimama nyuma ya Jokić, mpira hufika na mambo yamekwisha. Caruso hakusimama nyuma. Alisimama mbele yake, akiweka mkono katika njia ya pasi, akimsukuma kwa kiuno, akianguka, akiinuka, na kila pasi iliyotaka kupita juu ya kichwa chake ilikuta mwenzake mrefu akingoja nyuma. Jokić alipata pointi 20, lakini kwa tabu, na Denver walishindwa 125 kwa 93. Wakati Caruso alipokuwa uwanjani timu yake iliwazidi wapinzani kwa pointi 40. Yeye mwenyewe hakuwa hata karibu na mfungaji bora wa siku ile.

"Ukisoma karatasi ya matokeo," mwenzetu alisema, "hutajua kwamba alikuwako." Kisha akafunga daftari.

Mimi nilimtaka Tyrese Haliburton wa Indiana. Katika mwezi wa Aprili 2025 gazeti moja la michezo la Marekani liliwauliza wachezaji, bila kutaja majina yao, ni nani kati yao anayesifiwa kupita kiasi. Aliyetajwa na wengi kuliko wote alikuwa Haliburton. Hayo ni maneno ya wenzake wa kazi. Tarehe 29 Aprili, dhidi ya Milwaukee, timu yake ilikuwa nyuma kwa pointi saba zikiwa zimebaki sekunde 40 za muda wa nyongeza, naye akamaliza kwa kupenya na kufunga, 119 kwa 118. Tarehe 6 Mei, huko Cleveland, alirusha mpira wa pointi tatu ikiwa imebaki sekunde moja na nukta, 120 kwa 119. Tarehe 21 Mei, huko New York, mtupo wake wa mwisho uligonga chuma, ukapaa juu kana kwamba umeitwa na malaika, ukashuka katikati ya kikapu na kusawazisha. Indiana wakashinda katika muda wa nyongeza. Tarehe 5 Juni, katika mchezo wa kwanza wa fainali, Indiana walipoteza mipira 19 katika nusu ya kwanza na hawakuongoza hata mara moja, mpaka Haliburton aliporusha zikiwa zimebaki sehemu tatu za kumi za sekunde, 111 kwa 110. Mara nne! Watu husema bahati. Bahati ya mara moja naijua. Ya mara nne katika wiki sita nadhani ina jina lingine.

Hapo mwenzetu wa daftari hakubisha juu ya mitupo. Alibisha juu ya tarehe 22 Juni.

Katika mchezo wa tano Haliburton aliumia kigimbi cha mguu wa kulia. Mchezo wa sita alicheza, Indiana wakashinda. Mchezo wa saba alicheza tena, akatia mitupo mitatu ya pointi tatu mapema, kisha katika robo ile ile ya kwanza, akijaribu kuanza kukimbia, kano ya kisigino ilikatika. Alianguka akapiga sakafu kwa kiganja. Sisi sote sebuleni tulinyamaza, na safari hii si kwa ajili ya mtoto. Indiana walishindwa 103 kwa 91, na mwezi wa Julai timu yake ikatangaza kwamba hatacheza msimu wote wa 2025 na 2026. Mwenyewe aliandika kwamba hajutii, na kwamba angefanya tena. Katika michezo ile ile ya mtoano Damian Lillard wa Milwaukee na Jayson Tatum wa Boston walikatika kano hiyo hiyo, na wote watatu walivaa jezi namba 0. Mwenzetu wa Kasubi alitaka tukatoe kizibo kwa namba 0 ili iache kuwinda watu. Tulikataa.

Nilikuwa nimeandika sifa za Haliburton tayari, na sentensi ya mwisho ilisema: kwa kucheza akiwa ameumia. Mwenzetu aliisoma, akaniuliza, "Orodha hii husomwa na nani?" Nikamjibu, husomwa na kidato cha kwanza. Akasema basi sentensi hiyo haipandi ukutani. Mwaka uliopita, katika mashindano ya mabweni na madarasa, yeye mwenyewe aliteguka kifundo cha mguu, akafunga kitambaa, akavuta soksi juu na kucheza nusu nzima bila kumwambia mtu. Watu walimshangilia kwa sababu hawakujua. Alikaa nje muhula mzima. Alisema kwamba mtu mzima mwenye madaktari wake, anayecheza fainali ya maisha yake, ana haki ya kuamua juu ya mguu wake, na hamlaumu. Lakini mtoto wa miaka 13 hana fainali. Ana mchezo wa Jumamosi na mguu mmoja wa kulia.

Nilijibu kwamba ushujaa ni ushujaa, na kwamba tukianza kuficha tuliyoyaona tutakuwa kama ile karatasi ya wafungaji. Sidhani nilisema vibaya. Aaron Gordon naye alicheza mchezo wa saba dhidi ya Oklahoma City akiwa amechanika msuli wa nyuma ya paja, na hatukuandika neno juu yake. Je, hatukuona? Tulibishana mpaka mlinzi akaja kufunga darasa, na siku ya pili tukaanza tena.

Kabla sijamaliza, nimjibu mzee aliyeuliza kwa nini tunawapa vizibo watu wa ng'ambo na kuwaacha wa Lugogo. Bwana mkubwa, hatuwaachi. Ukutani kuna orodha nyingine, ya ligi yetu, na Lugogo sheria ya pili haina taabu: huenda kwa miguu au kwa boda, ukatazama kwa macho yako mpaka mwisho. City Oilers walichukua ubingwa miaka saba mfululizo, tangu 2013 mpaka 2019, na timu inayoshinda hivyo huwa na watu wa Caruso wengi kuliko tunavyokumbuka. Tena mwaka 2021 huko Kigali, timu yetu ya taifa, nahodha akiwa Jimmy Enabu, iliishinda Nigeria 80 kwa 68 ikaingia robo fainali ya Afrika. Ishmail Wainright, aliyevaa jezi yetu siku zile, mwaka ule ule aliingia Phoenix Suns. Wakati huo hatukuwa tumeanza vizibo. Kama kuna mwanafunzi wa zamani aliyeutazama mchezo ule wote, tangu mwanzo, atuandikie alichokiona. Kopo lina nafasi.

Kura ya kizibo kikubwa ilikwenda nne kwa mbili, Caruso akashinda. Mimi nilikuwa katika wale wawili, kama kawaida yangu mwaka huo. Haliburton alipewa kizibo cha Saa ya Mwisho. Maelezo yake aliyaandika mwenzetu wa daftari, kwa kuwa mimi nilikataa kuyafupisha: kwa usiku wa tarehe 29 Aprili, 6 Mei, 21 Mei na 5 Juni. Hakuna zaidi.

Wiki iliyofuata wa kidato cha kwanza waliuliza kwa nini tarehe 22 Juni haimo, maana habari zake walikuwa nazo. Niliwaambia wamwulize mwandishi. Yeye hawahutubii. Hushusha soksi akawaonyesha kifundo cha mguu wa kulia, ambacho mpaka sasa ni kinene kuliko cha kushoto.